Mhandisi Aliyeinamia Simu

Nilipoanza kazi katika kiwanda cha mabomba ya breki huko Tyseley, jijini Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, sikujua lolote kuhusu Wajapani isipokuwa magari yao. Kwetu Unguja, upande wa mashariki nilikozaliwa, gari likitajwa lilikuwa la Kijapani, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Nilipoambiwa kwamba wenye kiwanda ni Wajapani, nilichouliza ni shifti inaanza saa ngapi.

Ilianza saa moja asubuhi, na ilianza kwa mazoezi. Spika iliyofungwa juu ya mlango ilipiga muziki wa kinanda, na mwanamke akahesabu kwa Kijapani huku sisi tukitakiwa kunyoosha mikono, kuzungusha viuno na kurukaruka kidogo. Wenyeji wa Birmingham waliokuwa pale tangu ujana wao walisimama tu na mikono mifukoni wakingoja muziki uishe. Mimi nilifuata kwa sababu ndiyo kwanza nimeajiriwa. Baadaye niliendelea kufuata kwa sababu asubuhi za huko zina baridi, na mgongo wangu ulikuwa ukinishukuru.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Bomba likishakunjwa na kufungwa kichwa, nililijaza hewa, nikalizamisha majini, nikaangalia kama linatoa povu. Lililotoa povu liliwekwa pembeni. Basi.

Mwaka wangu wa pili pale aliletwa mhandisi mpya kutoka Japani, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mvi za kwanza juu ya masikio. Alivaa ovaroli ya kijivu kama yetu, tofauti na mameneja wa Kiingereza waliovaa tai. Wiki yake ya kwanza alisimama nyuma yangu karibu asubuhi nzima bila kusema neno. Nilidhani nimekosea kitu. Mwishowe akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole:

"Kwa nini unainamia upande wa kushoto?"

Nikamwambia taa inamulika majini, nikikaa sawa sioni povu. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Kesho yake nilikuta taa imehamishwa. Hakuja kuniuliza kama naona vizuri, wala hakutaja tena jambo lile. Nilikuwa nimefanya kazi na mabosi wengi kabla yake, Zanzibar na Uingereza, na wote wangetaka nijue nani aliyehamisha taa.

Ofisi yake ilikuwa na kioo kikubwa kilichotazama chini kwenye mashine, hivyo sote tulimwona akizungumza kwa simu na wakubwa wake wa Japani. Alikuwa akiinama. Simu sikioni, mkono mmoja ubavuni, anauinamia ukuta, anainuka, anainama tena zaidi. Wafanyakazi walimcheka na mmoja alikuwa hodari wa kumwigiza. Nilipomzoea nilimuuliza, kwa nini anamwinamia mtu asiyemwona.

"Nisipoinama, sauti nayo haiinami," alisema. "Yeye anasikia."

Tulizoeana kwa sababu ya pweza. Mke wangu, mtoto wa Mjini Unguja aliyelelewa mtaa wa Malindi, alikuwa akimnunua pweza soko la samaki la katikati ya Birmingham, akimchemsha mpaka alainike, kisha akimpika kwa tui zito na ndimu. Siku moja nilibeba kiporo chake kazini. Nilipofungua bakuli kwenye kantini, mikia ikaonekana na vijicho vyake vya kunyonyea, meza yangu ikabaki na mimi peke yangu. Mwanamke mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Small Heath, aliyefanya kazi ya kufunga vichwa vya mabomba, aliniambia kwa upole kwamba ananipenda sana lakini kile hawezi kukitazama.

Mhandisi alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi na kisanduku chake cha chakula. Akanyanyuka, akaja, akasimama mbele ya meza yangu.

"Ni pweza?"

"Ni pweza."

"Naomba nikae?"

Nilimsogezea bakuli. Akachukua kipande kimoja kwa vijiti vyake, akakitazama, akala akiwa amefumba macho. Hakusema kitamu wala kibaya. Alisema tangu afike Uingereza ndiyo mara ya kwanza anakula pweza aliyepikwa na mtu anayemjua pweza. Kisha akanisogezea kisanduku chake. Ndani yake mlikuwa na wali mweupe, kipande cha samaki wa kuchoma, yai lililokunjwa kama mkeka mdogo, na tunda fulani jekundu lililochachushwa kwa chumvi, kali kuliko achari ya ndimu. Kila kitu kilikuwa kwenye chumba chake, hakuna kilichogusa kingine. Nilionja lile tunda, machozi yakanitoka, naye akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu, kiganja kikiwa mdomoni.

Niliporudi nyumbani na kumsimulia mke wangu, aliuliza swali moja tu.

"Anapikiwa na nani?"

"Anajipikia mwenyewe."

"Hana mke?"

"Anaye. Yuko kwao na mtoto wa kike."

"Basi ameachwa," alisema. "Mwite Jumapili."

Alikuja Jumapili kwa basi, na boksi la vitamu lililofungwa kwa karatasi nzuri ambayo mke wangu aliiweka miaka mingi. Tulikuwa tukikaa Sparkbrook wakati huo, nyumba ya chini vyumba viwili. Mlangoni alivua viatu kabla hatujamwambia, akageuza mgongo, akachuchumaa, akavipanga vielekee nje. Mke wangu alimtazama mpaka akamaliza, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu amefunzwa kwao." Binti yetu, aliyekuwa na miaka minane na alikuwa akituelewa kila tunachosema na kutujibu kwa Kiingereza, aliuliza kwa nini baba yake havipangi hivyo. Hakujibiwa.

Tulitandika mkeka, tukaweka sinia. Alikaa kwa magoti, mgongo wima, nasi tukadhani anaumia, tukamwambia anyooshe miguu. Alisema hivyo ndivyo anavyokaa. Alipoona tunakula kwa mkono, aliuliza ni mkono gani, tukamwambia wa kulia, na mkono wake wa kushoto akauweka pajani hadi mwisho kama kitu alichokabidhiwa. Wali ulikuwa wa nazi. Alikula vizuri, ila mke wangu, ambaye haachi kuuliza, akataka kujua wali wa kwao unapikwaje.

"Maji," alisema.

"Na nini?"

"Maji tu."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi." Akafikiri, akatafuta maneno. "Ukiweka nazi, unasikia nazi. Sisi tunataka kusikia mchele."

Nilipomtafsiria mke wangu, alicheka sana. "Mwambie mchele nimeusikia tangu nilipozaliwa, hauna jipya."

Niliitafsiri hivyo hivyo. Akacheka pamoja naye. Vile vitamu vya kwenye boksi vilikuwa vya maharage yaliyopondwa na sukari. Wageni wetu wengine wangevitema, lakini sisi tumekua tukila maharage ya sukari na nazi wakati wa futari, kwa hiyo boksi lilikwisha kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo alituita kwake. Alipangishiwa fleti Edgbaston, mtaa wa miti mikubwa na nyumba zilizojificha nyuma ya miti hiyo, ambako mimi nilikuwa nikipita kwa basi tu nikielekea hospitali. Ndani mlikuwa na vitu vichache kiasi kwamba mke wangu alidhani anahama. Meza fupi, mito ya kukalia, redio, jiko linalong'aa. Kwenye kabati la jikoni alikuwa na chupa mbili za sosi ya soya zilizofanana. Alitueleza kwamba moja ina kileo kidogo ndani yake, ameisoma nyuma, na nyingine haina. Ile isiyo nacho ameinunua kwa ajili yetu. Ile divai tamu ya mchele ambayo kwao hutiwa karibu katika kila mchuzi hakuitumia siku ile, akatia sukari badala yake. Aliomba radhi kwamba ladha itapungua. Hatukuweza kujua imepungua nini, kwa kuwa hatukuwahi kuionja.

Alituandalia samaki mbichi. Niseme kweli kwamba mimi sikuweza. Nimezaliwa pwani, nimekula samaki kila siku ya utoto wangu, na nilichofundishwa ni kwamba samaki hupitishwa motoni. Niliweka kipande mdomoni kwa adabu, nikakimeza kama dawa. Mke wangu alikataa waziwazi, naye hakuudhika. Alikichukua kile cha mke wangu, akakitia kwenye kikaango, akamrudishia. Binti yetu alikula vyote vilivyobaki.

Halafu ukaja mchuzi mwepesi wenye vipande vya kijani kibichi vikielea juu. Nilivitambua kabla sijaambiwa.

"Huu ni mwani," nilisema.

"Ndiyo. Mnao kwenu?"

Nikamweleza kwamba mama yangu ni mkulima wa mwani. Maji ya bahari yakitoka huenda na wanawake wenzake hadi kwenye vigingi vyao, huufunga kwenye kamba, huuvuna, huuanika uwanjani, na tajiri huja kuununua kwa gunia. Mgongo wake umepinda kwa kazi hiyo.

Aliweka bakuli chini. "Na mnaupikaje?"

"Hatuupiki. Hatujapata kuula. Tunauuza."

"Unakwenda wapi?"

"Nje. Hatujui wapi."

Sikupenda afikiri kwamba mwani wa mama yangu umo ndani ya mchuzi wake, lakini nadhani nilikuwa nikilitarajia. Aliuliza rangi yake, unene wake, kisha akasema si huu. Ule wetu, alivyosikia yeye, husagwa na kutiwa katika vitu kama dawa ya meno ili viwe vizito. Kisha akasema kwao pia wanaofanya kazi ya mwani wengi ni wanawake watu wazima, na wao pia migongo imepinda. Mama yake mwenyewe alikuwa akiuanika alipokuwa msichana.

Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumtaja mama yake.

Kidogo kidogo tulijua mambo yake. Mke wake hakumwacha. Kwao, alisema, kampuni ikimpeleka mtu mbali, mara nyingi mume huenda peke yake na mke hubaki ili mtoto asivurugikiwe na shule, kwa sababu mtihani wa kuingia sekondari ya juu ndio unaoamua chuo, na chuo ndicho kinachoamua kampuni, na kampuni ndiyo inayoamua kila kitu kilichobaki. Jambo hilo lina jina lake kwa Kijapani, na kwenye maofisi lina fomu zake. Alikuwa ameshapelekwa hivyo miji miwili ya kwao na nchi moja ya Asia kabla ya Birmingham. Mke wangu alisema huo ni ukatili. Nilimkumbusha kwamba baba yake yeye alikaa Maskati miaka yote ya utoto wake na kurudi na mashuka.

"Ndiyo," alisema. "Na mimi nakwambia ni ukatili."

Msimu wa joto mke wake na binti yake walikuja wiki mbili, tukawaita. Mke alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye sauti kubwa kuliko tulivyotarajia, na baada ya muda mfupi alikuwa jikoni kwetu amevaa kanga ya mke wangu kiunoni, akikuna nazi kwa mbuzi. Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili, na walielewana kuliko sisi waume zao. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Alimjibu baba yake kwa heshima, akampokea sahani kwa mikono miwili, akamshukuru. Niligundua kwamba alikuwa akimshukuru kama vile anavyonishukuru mimi.

Walipoondoka, mke wangu alinieleza aliyoambiwa jikoni. Yule mke alisema mwanzoni alilia kila mumewe alipohamishwa. Sasa huwa na wasiwasi akisikia anarudi, kwa sababu hajui tena ampikie nini na amkalishe wapi. Alisema hayo akicheka huku akikuna nazi.

Mwaka uliofuata, wakati wa baridi, kiwanda kilikuwa kinangoja ukaguzi mkubwa wa mteja aliyekuwa akinunua karibu nusu ya mabomba yetu. Mhandisi alifika kabla yetu na kutoka baada yetu. Alisahihisha kila kitu, hata michoro ya rangi sakafuni inayoonyesha toroli lipite wapi. Ijumaa ya wiki ile nilirudi kutoka msikitini, maana alikuwa amenipangia saa ya chakula iendane na sala, nikamkuta kwenye benchi langu akiangalia maji.

"Kwenu," aliniuliza, "mtu akifiwa akiwa mbali, hufanya nini?"

Nikamwambia, kama anaweza kusafiri husafiri. Kama hawezi, watu humjia alipo, hukaa naye, husomwa dua, huliwa chakula. Haachwi peke yake.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake. Nikamfuata.

"Nani amefariki?"

"Mama yangu. Jumatatu. Mazishi yalikuwa jana."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku.

"Bosi wako amekukatalia ruhusa?"

"Sikuomba."

"Kwa nini?"

"Ningeomba, angenipa. Halafu mtu mwingine angebeba kazi yangu wiki hii, na ukaguzi ungeharibika, na yeye angeomba radhi kwa ajili yangu." Kisha akaongeza, kama anayetaka nisimhurumie, "Kaka yangu yupo. Amefanya kila kitu vizuri."

Ukaguzi ulipita salama mchana ule ule. Mameneja walipeana mikono. Yeye aliinama, akarudi ofisini kuandika ripoti.

Nilipomwambia mke wangu jioni, alikasirika mpaka akaacha alichokuwa akipika. Alikasirikia kampuni, akamkasirikia yeye, akanikasirikia mimi kwa kumwacha arudi Edgbaston peke yake. Kisha akaniambia nimpigie simu aje Jumapili, na nimuulize anataka apikiwe nini.

Nilimpigia. Alikataa kwa adabu, nikang'ang'ania, akakubali. Alichoomba ni bakuli moja la wali wa kwao, mweupe.

Mke wangu akapika wali bila chumvi. Aliuonja, akauacha hivyo hivyo.

Alifika amevaa suti nyeusi, mkononi ana picha ndogo ya mama yake, mwanamke mzee aliyesimama mbele ya mlango akiwa amekunja macho kwa jua. Akaomba mahali pa kuiweka. Tukaondoa vitu juu ya meza ya televisheni. Akaweka bakuli la wali mbele ya picha, akajaza wali ukawa kilima, akachomeka vijiti viwili katikati vikasimama, jambo ambalo kwao hufanyiwa marehemu tu. Binti yetu, ambaye siku za nyuma alikuwa amekatazwa naye kufanya hivyo kwenye sahani yake mwenyewe bila kuelezwa sababu, alifungua mdomo, mama yake akamminya bega.

Akapiga magoti, akaunganisha viganja, akainama. Alikaa hivyo kitambo. Hakulia. Sisi tulikaa nyuma yake. Sijui dini yetu inasema nini hasa juu ya kukaa hivyo, na sikwenda kumuuliza mtu. Mke wangu alikuwa na tasbihi mkononi na midomo yake ilikuwa inacheza.

Aliponyanyuka alisema ahsante, akakaa mkekani. Tukala. Alikula sana siku ile, kuliko tulivyowahi kumwona, na akazungumza sana: jinsi mama yake alivyokuwa akimpikia supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, na dagaa kabla ya shule, jinsi alivyokuwa mkali kuhusu punje za wali zinazobaki bakulini, jinsi mara ya mwisho alivyomsindikiza stesheni akabaki kuinama hadi treni ikapotea, na yeye ndani ya treni akawa anaona aibu kwa abiria. Alisimulia haya kwa sauti ya kawaida. Mke wangu alikuwa akimwaga machozi na kumwongezea mchuzi.

Wiki chache baadaye kilikuja kifurushi kwa posta, kimetoka kwake ingawa tulikuwa tunaonana kila siku. Ndani mlikuwa na chai ya kijani na taulo nzuri nyeupe, na kadi ya shukrani. Mke wangu aliudhika.

"Tunalipwa rambirambi?"

Nilimuuliza Mhandisi kwa mzunguko, naye akanieleza kwamba kwao aliyefiwa lazima arudishe kitu kwa kila aliyemjia, ili deni la huzuni lisibaki kwa watu. Nilimfikishia mke wangu. Alisema deni hilo kwetu ndilo linalofanya watu wawe watu, kisha akaitumia taulo.

Kiwanda hakikudumu. Katikati ya miaka ile viwanda vikubwa vya magari vya jiji vilianza kuanguka, na vidogo kama chetu, vilivyokuwa vikiviuzia, vikafuata. Tulijua kabla ya kuambiwa. Maboksi yalikuwa hayatoki. Siku ya kuambiwa tulikusanywa sote kwenye sakafu ya kupakia. Meneja wa Kiingereza alisoma karatasi yenye maneno ya wanasheria, akamaliza, akauliza kama kuna maswali, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mhandisi alibaki. Hakuwa na wajibu wa kusema lolote. Si yeye aliyekiongoza kiwanda. Alisogea mbele na ovaroli yake, akasema kwa Kiingereza kwamba mabomba yetu yalikuwa mazuri, na kwamba kampuni yake imeshindwa kuwaletea kazi watu wazuri, na anaomba radhi. Kisha akainama. Mbele ya ukuta ule wa ofisini alikuwa akiinama mara nyingi, haraka haraka. Safari hii aliinama mara moja, mgongo ukawa sawa kama meza, akabaki vile.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mtu mmoja nyuma aliguna kama anayetaka kucheka, akakosa wa kucheka naye. Yule aliyekuwa akimwigiza alikuwa anatazama viatu vyake. Mhandisi hakuinuka. Mwishowe yule mwanamke wa Small Heath, aliyekuwa amefanya kazi pale tangu kabla sijafika Uingereza, akatoka kwenye mstari, akamwendea, akamshika kiwiko.

"Inuka, mpenzi," alimwambia, kama alivyokuwa akimwita kila mtu. "Si wewe."

Akainuka. Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakuufuta, nadhani kwa sababu angeufuta tungejua. Mwanamke yule akamkumbatia. Alisimama ndani ya mikono yake na mikono yake mwenyewe imenyooka ubavuni, hajui aiweke wapi, kisha taratibu akampigapiga mgongoni.

Aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Tulimsindikiza uwanja wa ndege, mke wangu akampa achari ya embe na kanga kwa mkewe. Alituambia kampuni imempangia kiwanda kingine, nchi nyingine, peke yake tena. Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa. Mke wangu, ambaye kwa kawaida angesubiri nitafsiri, alimwambia mwenyewe kwa Kiingereza chake, "Hapana. Nenda nyumbani." Mhandisi akamtazama, akainama, akaingia ndani.

Mimi nilipata kazi kwenye ghala Washwood Heath, kupakia na kupakua, kazi isiyohitaji kuangalia povu. Hakukuwa na mazoezi asubuhi, na baada ya miezi michache mgongo ulianza kuniuma.

Alinipigia mara moja, siku za mwaka mpya, sikukuu kubwa kwao, mimi nikiwa mapumzikoni na kikombe cha chai. Sauti yake ilikuwa na haraka kuliko nilivyoizoea. Alisema hakwenda ile nchi nyingine. Alikuwa ameomba kuacha kazi, jambo ambalo katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyelifanya kabla ya umri wa kustaafu, na bosi wake wa zamani, yule wa kwenye simu, akamwambia anamwonea wivu. Sasa alikuwa katika karakana ndogo karibu na kwao, wakitengeneza vipuri vya mashine za kulimia mpunga. Mshahara ni mdogo. Binti yake ameingia chuo mji mwingine, na siku hizi humpigia simu yeye badala ya mama yake anapotaka kulalamika.

"Na mkeo?"

"Anasema mimi ni kama kabati bovu," alisema. "Lile ambalo huwezi kulitupa mpaka uwapigie watu wa manispaa."

Nikacheka. Nikamuuliza kama ameridhika.

Nikasikia vyombo vikioshwa nyuma yake na mwanamke akisema kitu kwa sauti kubwa.

"Ninarudi nyumbani saa kumi na moja jioni kila siku," alisema. "Mke wangu analalamika ni mapema mno. Ananituma dukani ili nisimsumbue. Sasa hivi ananituma. Samahani, lazima niende."